Mama Zipora na Ng'ombe Mia Mbili

Nichekeni mkipenda, lakini programu ile niliiandika mwenyewe, kwa Python, lugha ya kompyuta niliyojifundisha hapa Karatu, na sijutii.

Mradi wa chanjo ya mifugo ulinipa kazi ya kupanga orodha. Kila ng'ombe nilimpa namba ya kuonyesha mmiliki wake yuko nafasi ya ngapi kwenye majina ya wafugaji. Ambaye mwenyewe hakujulikana nilimwandikia hasi moja, nikiamini kompyuta itamruka.

Siku ya chanjo, kule Enguserosambu, nikasoma mbele ya watu: "Mama Zipora, ng'ombe mia mbili na watatu."

Minong'ono ikaanza. Mama Zipora ni mjane mwenye ng'ombe mmoja, na wiki ile watu walikuwa wakitafuta mifugo iliyopotea.

"Mwanangu, hebu angalia tena," akaniambia.

"Mama, kompyuta haikosei."

Mzee mmoja akamuuliza kwa ukali amewaficha wapi. Nikafungua laptop palepale, juu ya boneti la gari, nikapitia programu mstari kwa mstari. Kumbe kwa Python hasi moja si "hakuna". Ni "wa mwisho". Na jina la mwisho kwenye orodha yangu lilikuwa Zipora. Ng'ombe wote wasio na mwenyewe nilikuwa nimempa yeye.

"Huyu mama hana kosa," nikasema, kwa sauti ileile niliyombishia nayo. "Niliyekosea ni mimi."

"Na kompyuta?" akauliza mzee.

"Kompyuta ilinitii."