Kaburi la Kwanza la Kijiji cha Juhudi

Sikwenda Unyamwezini kutembea. Niliitwa na mzee aliyekuwa anakufa, na kwa kuwa mzee huyo alikuwa mtani wangu, sikuwa na njia ya kukataa. Mimi ni Mzaramo. Tangu enzi za misafara, Wanyamwezi waliposhuka pwani na pembe mabegani wakapita kwetu, sisi na wao ni watani. Tunatukanana bila kununiana, tunanyang'anyana vitu bila kushtakiana, na mmoja akifa mwenzake huenda msibani kufanya fujo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuikasirikia.

Mzee Maganga alikuwa kuli bandarini kabla ya Uhuru, akapanga chumba nyumbani kwa baba yangu, Magomeni. Alinibeba mabegani tangu sijajua kutembea. Baba akimwambia aniteremshe alijibu, "Niache. Mnyamwezi asiye na mzigo huumwa mgongo." Baadaye alirudi kwao, na ujamaa ulipokuja, yeye na jirani zake wakahama kutoka kwenye miji yao ya zamani iliyotawanyika porini wakaingia katika kijiji kipya kilichoitwa Juhudi. Salamu zake nililetewa na mhudumu mmoja wa treni, mtu wa ukoo wake. Alisema mzee hainuki tena, anamtaka Mzaramo wake.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi mtu mzima Chuo Kikuu, nimetoka kufundisha shule ya msingi, na nilikuwa nimelewa somo moja, saikolojia ya jamii. Nilikuwa kero kwa watu. Foleni ya sukari, ugomvi wa wapangaji, hata mke wangu akinuna, kila kitu nilikipa jina lake la kitaalamu. Muda mfupi kabla ya safari mhadhiri alitufundisha hali ambayo kila mmoja katika kundi halitaki jambo, lakini akiwaona wenzake wametulia anadhani wao wanalitaka, basi naye anatulia, na jambo lisilotakiwa na mtu hata mmoja linapita. Mfano wake ulikuwa wa darasani: mwalimu anauliza kama wameelewa, hakuna aliyeelewa, na kila mmoja anazitazama nyuso za wenzake na kuona haya kusema. Alipomaliza akatuuliza kama tumeelewa. Tukakaa kimya. Jina la hali hiyo lilikuwa refu na la Kizungu, mimi nikaliita kunyamaziana.

Jioni treni iliondoka Dar es Salaam, nami nimebanwa daraja la tatu. Mbele yangu alikaa bwana mmoja aliyenyoosha mguu katikati ya njia, watu wote wakawa wanauruka, mwenyewe anatazama dirishani. Nikasema moyoni, huyu ana kiburi cha kuzaliwa nacho. Dodoma alipoteremka nikaona mguu haukunjiki. Aliushika kwa mikono miwili akaushusha ngazini kama mtu anayeshusha mzigo wa kuni. Na hilo pia tulikuwa tumefundishwa, kwamba la mwenzako unaliita tabia, la kwako unaliita shida. Nilikuwa nimelijibu vizuri sana kwenye mtihani.

Baada ya Manyoni nchi ilikauka. Vichaka vya Itigi vilipita dirishani saa nzima bila kubadilika, nami nikawaza jinsi babu zake Maganga walivyoitembea njia hii kwa miguu, wakienda na kurudi, wengine wasirudi. Sikuwa na raha. Nilihofia kumkuta amekwisha, na nilihofia zaidi kumkuta bado.

Tabora niliteremka usiku, na asubuhi nikaenda Ng'ambo kwa Bwana Seif, fundi cherehani, rafiki wa mzee. Alinipa chai na vitumbua barazani, akaniuliza habari za pwani.

"Wale watu wa Juhudi walihamia kwa moyo mmoja," alisema. "Mkutanoni mikono yote ilikuwa juu. Nilikuwapo, nilikwenda kuuza nguo."

"Kuna uliyemuuliza kama ameridhika?"

"Ndugu yangu, mtu ameinua mkono, utamuuliza nini tena?"

Nilipoaga aliniwekea mfukoni bafta nyeupe iliyokunjwa vizuri. Akaniambia nisimwonyeshe mgonjwa.

Mchana nilipanda treni ya Kigoma hadi Kaliua. Pale stesheni alinisubiri Kulwa, mdogo wake mzee, na baiskeli. Alifunga mzigo wangu nyuma, tukatembea, yeye akiisukuma, katika njia ambayo alisema ndiyo iliyokuwa ya misafara. Haikuwa na kitu cha kuonyesha. Ni njia nyembamba kati ya miti ya miyombo, mizinga ya nyuki imeningʼinizwa juu, mavumbi chini.

Kabla ya kufika tulipita mahameni kwao, mahali walipohama. Wao huita itongo. Nyumba zilisimama bila mapaa, mimea ya maboga imetambaa hadi madirishani, na pembeni kulikuwa na makaburi yaliyozungushiwa mawe, la mama yake Maganga likiwa la mwisho. Kulwa alivua kofia.

"Hapa ndipo kwetu," alisema. Kisha akajisahihisha. "Palikuwa kwetu."

Nikamuuliza angependa kaka yake alazwe wapi, Mungu akipenda kumchukua.

"Mimi? Hapa, kwa mama. Lakini wenzangu wamekwishatulia kule. Shemeji naye amezoea. Nikisema peke yangu nitaonekana nawarudisha watu nyuma."

Juhudi kilikuwa mistari miwili ya nyumba iliyonyooka, kila mlango ukitazamana na mwingine. Mama Nyamizi, mke wa mzee, alitoka kunipokea. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono hadi ndani bila kuuachia.

Mzee Maganga alikuwa amebaki mifupa na macho. Aliponiona midomo ikacheka.

"Umechelewa, Mzaramo. Ngoma ilikuwa haijaisha?"

"Ilikuwa inasubiri mtu wa kubeba vyombo," nilimjibu. "Nimekufuata wewe."

Alicheka hadi akakohoa, na kikohozi hakikukoma upesi. Mkewe alipotoka kuchota maji aliniita karibu.

"Ningelala kwa mama," alisema. "Lakini usiwaambie. Nyamizi ameridhika hapa. Na hawa wanataka kaburi. Kijiji kisicho na kaburi bado ni kambi, mtani. Nikikataa kulala kwao wataona nimewakataa."

Nilimwambia bado ana siku nyingi, naye akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Siku iliyofuata, jua likipanda, alikata roho. Nilitoa bafta ya Bwana Seif. Nililia kwa sauti, jambo ambalo mtani hatakiwi kulifanya, na wanawake wakanitania kwamba Mzaramo amekosa farasi wa kumbeba.

Wanaume walipokwenda kuchimba karibu na shamba la karanga la kijiji, nilimuuliza Mama Nyamizi mwenyewe. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kanga kichwani.

"Alinioa kule," alisema. "Watoto wangu wawili wamelala kule. Mimi ningempeleka kule na ningemfuata huko huko. Lakini shemeji na wenzake wameamua, wanataka kijiji kiwe na mizizi."

"Mama, Kulwa naye anataka kule. Ameniambia."

"Amekuambia kwa kuwa wewe mgeni umetoka mbali. Anakufurahisha."

Nikamfuata mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aliyekuwa akisimamia uchimbaji. Nilimuuliza kama kuna amri ya kuzika hapa. Alishangaa.

"Amri ya nani? Baba yangu mwenyewe yuko mahameni, na siku yangu ningeomba nipelekwe huko. Lakini watu wanataka hapa. Huoni wanavyochimba?"

Niliwatazama. Walikuwa wanachimba kwa bidii, kila mmoja akimtazama mwenzake asionekane mvivu. Nikamwambia mwenyekiti kwamba mjane hataki, Kulwa hataki, marehemu mwenyewe hakutaka. Alinishika bega.

"Mtani, kwenye msiba usipeleke maneno nyumba kwa nyumba. Utatugombanisha."

Hapo nilikiona kile tulichofundishwa, kizima, kimesimama juani na majembe mikononi. Nilijua dawa yake pia: atokee mmoja aseme hadharani, wengine wakisikia watafunguka. Na katika watu wote wa Juhudi nani angeweza kusema bila kumuudhi mtu? Mtani tu. Nikaona kwamba elimu yangu na kabila langu vimeletwa hapo kwa kazi moja. Nilijiona mtu wa maana, nasema kweli, na ndani ya huzuni ile nilikuwa na furaha.

Alasiri jeneza lilipofika kaburini niliruka nikaingia shimoni, nikalala chali.

"Hapa hazikwi mtu," nilisema. "Kwao Maganga ni kule kwa mama yake. Alitaka kule. Na ninyi nyote mnataka kule, mmeniambia mmoja mmoja kwa midomo yenu. Kulwa, sema. Mwenyekiti, sema."

Juu yangu nyuso zilizunguka shimo. Kukawa na kimya kidogo sana, mimi nikakisikia. Kisha mtu mmoja akasema, "Mzaramo amepata nyumba, amehamia ujamaa," na wote wakacheka.

Watu wa pwani wamesahau mambo haya, kwa hiyo nieleze. Mtani kulala kaburini ni desturi. Hulala, hukataa kutoka, husema maiti si yao, au kaburi ni lake, au marehemu ana deni, na hatoki mpaka apewe kitu. Nilikuwa nimesema neno zito kuliko yote niliyowahi kusema maishani, na nimelisema mahali na kwa namna ambayo kwao ina maana moja tu.

"Sitanii," nilisema.

Wakacheka zaidi, kwa kuwa kila mtani husema hivyo.

"Mpeni kuku atoke, jua linakwenda," alisema mwenyekiti.

Kuku aliletwa na Mama Nyamizi mwenyewe, amefungwa miguu. Alipiga magoti ukingoni akamweka kifuani kwangu. Nilimtazama usoni nikitafuta neno. Alikuwa anacheka na machozi yanatiririka, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi. Kulwa alinipa mkono, akanivuta, nikatoka na kuku wangu.

Nilisaidia kumshusha. Nikasema lile lililobaki kusemwa, kwamba leo Mnyamwezi amebebwa na Mzaramo, wakalipenda sana. Udongo ulipoanza kuanguka hakuna aliyecheka tena.

Matanga yalipoondolewa, Kulwa alikuja nilipokuwa nafunga mzigo. Alizungukazunguka, akakagua gurudumu la baiskeli ambalo halikuwa na kasoro.

"Mtani, pale shimoni. Ulikuwa unatania?"

"Hapana."

Alikaa chini.

"Nilikuwa nimefungua mdomo," alisema. "Nikamtazama shemeji, nikaona anakwenda kuleta kuku."

Asubuhi ya kuondoka niliingia kumuaga Mama Nyamizi, ambaye hakuruhusiwa kutoka nje kwa ajili ya eda. Nilimwambia neno la Kulwa. Alilisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilimtazama yeye," alisema. "Alikuwa anacheka. Nikasema basi, kama ndugu yake anacheka."

Nikamuuliza kama nirudi kwa mwenyekiti, tuwaite watu, tuyaseme sasa. Alitikisa kichwa. Mtu hafukuliwi, alisema, na tangu juzi watu wamekwishaanza kulifagia lile kaburi, na mzee mwingine ameonyesha mahali pake kando yake.

"Siku yangu ikifika uje, mtani," alisema. "Lakini usiseme kitu. Uje ukae kimya tu. Labda watauliza una nini."

Mahameni tulipita bila kusimama. Kulwa hakuvua kofia.

Njia nzima ya kurudi kuku alikuwa chini ya benchi, na abiria walinisifu kwa zawadi nzuri. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri hadi Dar es Salaam. Somo halikuwa la uongo. Kila kitu kilikwenda kama tulivyofundishwa, isipokuwa dawa. Nilidhani aliyeruhusiwa kusema chochote ndiye atakayesikilizwa. Kumbe watu wangu na wao walikuwa wamekubaliana zamani, huko njiani, chini ya mizigo, kwamba mtani aseme lolote atakalo, na bei yake ni kwamba hakuna neno lake litakalobebwa hadi nyumbani. Mimi nimerithi ruhusa hiyo, na bei yake nayo. Inaniuma hadi leo ninapoandika.

Wiki ile niliporudi darasani, mhadhiri alirudia mada ileile kwa ajili ya mtihani. Alieleza vizuri, akatoa mfano wake, akauliza kama tumeelewa. Nikainua mkono, nikasema mimi sijaelewa.

Darasa zima likacheka.