Mlango Uliotazama Barabara

Siku moja ya mwezi wa sita hunirudia kila ninapoona ramani ya nyumba, mwanangu, na jana uliniletea ramani. Uliikunjua mezani, ukaniambia umepata kiwanja kule mlimani juu ya Mollo, kwenye miyombo, na kwamba mafundi wataanza kwa kufyeka miti ili nyumba ionekane vizuri kutoka barabarani. Niliinama kuitazama, ukadhani nimependezwa. Nilikuwa nimechoka tu, kwa sababu nyumba hiyo nilishaijenga zamani, na babu yako ndiye aliyekaa ndani yake.

Kaa basi nikusimulie. Hiyo simu iweke mfukoni.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, tulipoambiwa tushuke milimani tukae pamoja kando ya barabara. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nimetoka kwenye kozi fupi ya ujenzi pale Sumbawanga, nina vifaa vya kupimia, pima maji, timazi na kamba ndefu. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa navyo. Mwenyekiti akanipa kazi ya kupanga nyumba: zote mstari mmoja, milango yote itazame barabara. Kichwa kikavimba. Nilitembea na ile pima maji kwapani hata siku ya Misa, na mama yako hunicheka kwa hilo hadi leo.

Babu yako alikuwa na kifua kibaya tangu ujana wake, na nyumba yake ya mlimani aliijenga akikifikiria kifua hicho. Miti aliiacha upande wa kusini-mashariki, unakotoka huu upepo wetu wa kipupwe. Mlango aliuweka upande wa pili. Paa la nyasi lilishuka chini sana, na kuta nene za udongo zilishika jua la mchana hata jioni ukiegemea unasikia joto. Nyuma, upande wa juu, alichimba mfereji ili maji ya masika yapite pembeni. Mimi na kozi yangu tuliiona ni nyumba ya kizamani. Na kwa kuwa mpimaji nilikuwa mimi, nikaamua baba ahame wa kwanza, watu waone mfano.

Nyumba mpya nilimjengea kwa mikono yangu. Kuta zilikuwa wima kweli, hilo sijisifu bure. Lakini mstari wa barabara ulifanya mlango utazame kusini-mashariki, na mbele yake hapakuwa na mti hata mmoja, maana miti tulikuwa tumeikata tupate nguzo. Baba alikwenda akasimama kwenye ule mlango.

"Huku ndiko unakotoka upepo," akasema. "Umesahau?"

"Baba, mstari ni mstari," nikamjibu.

Hakubishana. Mimi nikaona nimeshinda.

Sasa ile siku ya mwezi wa sita. Nilipita mchana kumsalimu, nikamkuta na bibi yako wametengewa ugali wa ulezi na maharage. Baba alikuwa amejifunika blanketi, amekaa kaupa mgongo mlango. Nilishangaa, maana maisha yake yote alikaa akitazama nje, amwone anayekuja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia nisikae pale mlangoni, nipite ndani. Nilipokaa ndipo nikaelewa. Wakifunga mlango, moshi wa jiko unabaki ndani na kifua chake hakiuwezi. Wakiufungua, upepo unapeperusha majivu na vumbi juu ya chakula. Kwa hiyo waliuacha wazi, baba akakaa kati ya mlango na chakula, mgongo wake ukawa ndio ukuta, na kila upepo ukizidi alikinga bakuli la maharage kwa kiganja. Alikohoa hadi bibi yako akaweka tonge chini.

Alipotulia akasema taratibu, "Nyumba yangu ya kule ilikuwa inanikinga. Hii naikinga mimi. Nigeuzie mlango, mwanangu."

Nilimwambia nitaugeuza. Ila nikamwomba avumilie kidogo, wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua mistari, na mlango mmoja ukiangalia kwingine nitaonekana sijui kazi. Wageni hawakuja wiki ile. Hawakuja na iliyofuata. Kila Jumapili baada ya Misa baba alinitazama bila kuuliza, nami nikasema, wiki ijayo.

Walikuja hatimaye. Gari lilipita polepole, vioo vimefungwa kwa ajili ya upepo, mmoja akapunga mkono. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyetazama mlango wa mtu. Na baba tulikuwa tumeshamzika siku tisa kabla.

Sisemi upepo ndio uliomuua, kifua alikuwa nacho tangu zamani. Ninachojua ni kwamba aliniomba kitu kimoja. Baada ya msiba niliugeuza ule mlango, na kazi yote ilinichukua siku mbili. Bibi yako alikula mle ndani miaka mingi bila vumbi, na hakuwahi kunishukuru hata mara moja. Sikutegemea anishukuru.

Mwanangu, sina tena nguvu za kubishana na mafundi wako. Nakuomba tu hivi. Kabla hujamruhusu mtu kushika panga, nenda mwezi wa sita na kigoda ukakae pale kiwanjani asubuhi nzima, usikie upepo unakupiga kutoka wapi. Rudi mvua zikikolea, uone maji yanashukia wapi, na hapo juu uchimbe mfereji. Miti ya upande wa upepo iache, ukate ile tu itakayoweza kuangukia paa. Hivyo vioo vikubwa vya madirisha nilivyoviona kwenye ramani yako vipeleke kaskazini, maana jua la kipupwe hupita upande huo. Mlango usiutazamishe barabara kwa sababu ya wapita njia. Watapita.

Na ukija kunichukua nikaishi nawe, kama ulivyosema, nitakaa nikitazama nje.

Mungu akujalie nyumba ya kukukinga, mwanangu, wewe na watoto wako, na chakula chenu kisiingie vumbi kamwe.