Uzi wa Njano Kwenye Seli ya Neva

Nimefaulu mazoezi ya kufundisha mara nyingi kuliko mwalimu yeyote ninayemjua, na sijawahi kusimama mbele ya darasa. Kanuni ya vyuo vya ualimu inasema mwanafunzi anayepelekwa shuleni kufanya mazoezi achore zana zake kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo majira ya mazoezi yakikaribia wanakuja kwenye baraza langu hapa Jinja, mmoja mmoja, wakigeuka nyuma kama watu wanaonunua pombe ya waragi, nami nawachorea. Moyo, figo, jicho, mbegu ya harage. Nachora kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya sukari, maana karatasi huraruka lakini gunia halifi. Pindo la kila gunia nalishona kwa uzi wa njano lisifumuke. Baba yetu alikuwa askari magereza, na uzi huo ndio unaoshonea nguo za wafungwa. Alipofariki alituachia redio isiyoongea na sanduku zima la uzi. Ulifikaje nyumbani, sikumuuliza.

Mama alimfuata baba baada ya miaka miwili. Nilikuwa kidato cha pili na nyuma yangu wapo watatu. Shangazi na wajomba walikutana, wakala, wakalia, wakakubaliana kwamba mimi ni msichana mwenye moyo. Nilielewa maana yake: hakuna anayetuchukua. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule.

Gunia langu la kwanza kabisa lilikuwa la seli ya neva. Kijana mmoja wa chuo alinipa daftari lake na kuniambia anaihitaji siku hiyo hiyo, kesho yake anakwenda Mbale kuanza mazoezi. Sikujua ninachora nini. Niliona muhogo uliong'olewa: kichwa chenye vimizizi, mkia mrefu uliovaa vikoba mfululizo, na mwishoni matawi madogo yameshika msuli. Pembeni yake daftari lilikuwa na mshale unaotoka kwenye msuli kwenda kichwani. Nikaunakili kama ulivyo. Aliyekuwa chuoni ni yeye.

Mwaka jana zamu ikamfikia kitinda mimba wetu. Naye alipelekwa Mbale, akapanga chumba mtaa wa Nkoma, akawa anafundisha biolojia. Mkaguzi wa kwanza alimpa alama mbaya kwa sababu tai yake ilikuwa fupi. Wa pili alisema sauti yake ni ya kanisani. Ilibaki ziara moja, na akianguka hapo angerudia mwaka mzima. Mwaka huo mimi nisingeweza kuubeba, na yeye alijua, ndiyo maana hakulisema.

"Dada, nichoree seli ya neva. Ile inayopeleka amri kwenye misuli."

Kabla ya kuchovya brashi nilimwuliza, "Amri inatoka wapi?"

"Kwenye ubongo na uti wa mgongo. Inapita kichwa cha seli, inafuata mkia, inafika kwenye msuli. Ndipo mguu unanyanyuka."

"Hairudi?"

"Kwa njia hiyo hairudi. Ni kama gwaride, dada. Afande anasema, kuruta anatii."

Nilishusha brashi. Nilikumbuka mshale wa yule kijana wa kwanza, nikacheka mpaka mdogo wangu akaniuliza kama nimevuta rangi. Nikamweleza. Yeye hakucheka. Siku zile alikuwa mdogo, na ndiye aliyekuwa akinitungia uzi kwenye sindano.

Mvua ilifanya rangi ikatae kukauka, mdogo wangu akatangulia. Siku ya ukaguzi niliamka alfajiri nikalipeleka gunia Mbale mwenyewe, pamoja na kontena la wali na maharage, ili nikiulizwa niwe nimeleta chakula. Nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha la darasa la sayansi.

Somo lilikwenda vizuri. Mdogo wangu alimwita mwanafunzi mbele, akamgonga chini ya goti, mguu ukaruka, darasa likalipuka kwa kicheko. Mkaguzi, aliyekaa nyuma kabisa, hakucheka. Watoto walipotoka mapumziko alifungua fomu yake. Kuhusu mchoro ilikuwa na mistari miwili: usahihi na uwazi.

Uwazi aliupima kwa kurudi kinyumenyume mpaka akagonga kabati, akafumba jicho moja. Halafu akatoa rula na kukagua mistari ya majina kama mama anayetafuta chawa. Hakuna uliopinda. Hakuna uliokatiza mwenzake. Kichwa cha habari kipo, kimepigiwa mstari. Uso wake ulionyesha huzuni ya mtu aliyekuja na kisu asikute nyama.

"Lakini hii mshale yako naenda wapi?" akasema ghafla.

"Kutoka kichwa cha seli kwenda kwenye msuli, bwana."

"Nani alikwambia?"

"Ndivyo ilivyo, bwana. Seli hii inapeleka amri."

"Kijana, wewe nafundisha watoto uongo." Alinyoosha mkono juu ya kabati akashusha gunia lililoviringishwa, akalipigapiga vumbi. "Tazama hii. Hii nilichora mimi. Na mkono hii hii, shule hii hii, nikiwa mwanafunzi kama wewe. Mkaguzi wangu alinipa alama ya juu. Mpaka leo walimu hapa nafundishia."

Nilisimama kwenye benchi ili nione. Ulikuwa muhogo wangu. Umepauka na panya ameonja kona moja, lakini ni wenyewe, na mshale wake bado unapanda kutoka kwenye msuli kwenda kichwani. Watoto wangapi wa shule hiyo walikuwa wameunakili mshale ule, sikutaka kufikiri. Nilimtazama vizuri yule bwana. Kitambi kilikuwa kipya na daftari halikuwepo, lakini alikuwa yeye. Mdogo wangu naye aligeuka akanitazama dirishani. Alikuwa ameuona uzi.

Ningeweza kusema papo hapo kwamba gunia lile ni langu. Ila ningekuwa nimesema pia kwamba gunia jipya ni langu, na kanuni ingemla mdogo wangu kabla haijamfikia mkaguzi. Mkaguzi alikuwa ameshaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa usahihi. Nikachukua kontena langu nikaingia.

"Hodi, afande." Tulikulia kwenye nyumba za magereza, mtu anayependa kuitwa afande namjua kwa jinsi anavyofunga mkanda.

"Karibu, mama. Wewe ni nani?"

"Dada mkubwa wa huyu kijana. Nimemletea chakula. Nimesikia mnabishana, nikapata swali la kijinga."

"Uliza tu. Ya kijinga tumezoea."

"Hapo kwenye picha ya afande, mguu unanyanyuka kwanza, halafu unakwenda kichwani kuomba ruhusa? Mimi niliacha shule mapema. Ila kule kwetu kuruta akimwamuru mkuu wa gereza, mmoja wao analala ndani."

"Mama, hii ni sayansi. Hakuna gwaride hapa."

"Kweli, afande. Basi mguu wenu una akili kuliko wangu."

Mdogo wangu alikohoa. Mkaguzi alitabasamu kwa upande mmoja, akayavuta magunia yote mawili mezani ili anionyeshe tofauti kwa kidole, kama anavyoonyeshwa mtoto. Kidole kilifuata mshale wake, kikasita, kikaurudia. Kikateremka mpaka kwenye pindo. Uzi wa njano, mshono wa mkasi, nyuzi zinazokatizana kama mikasi midogo iliyobanana. Akashika pindo la gunia jipya. Uzi wa njano, mshono ule ule. Aliyatazama mapindo yale kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama seli.

"Nani alishona hii?" akauliza. Sauti ilikuwa imepungua cheo.

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mimi, afande. Na hilo la zamani pia. Kushona tu. Kuchora, kila mwanafunzi alichora mwenyewe."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Nadhani hapo alimwona msichana wa barazani. Sikupepesa.

"Kushona tu," akasema.

"Kushona tu, bwana."

Akaliviringisha gunia lake taratibu, akasema limechakaa sana, atalitoa shuleni, lisiendelee kuchanganya watoto. Aliyewachanganya hakumtaja. Kisha akaandika. Mdogo wangu alinisomea fomu tukiwa chumbani Nkoma, tukila ule wali uliopoa. Usahihi: alama zote. Uwazi: amekata moja. "Rangi zimezidi."

"Zimezidi wapi, dada? Ni rangi tatu tu!"

"Kula. Mkaguzi asiyekata ni kinyozi asiyekata. Umefaulu."

Alama ile sikuilalamikia. Mshale wangu wa kwanza ulikuwa umewadanganya watoto wa watu miaka mingi, na hakuna aliyewahi kunitoza faini.