Neno Lililokatika Kati ya Butembo na Kananga

Papa, baba yetu, alikaa miaka tisa bila kutaja jina la mdogo wangu wa kike. Alikuwa seremala hapa Mususa, mtaa wa Butembo, na alikuwa amezika ndugu zake wawili waliouawa vitani kule Eringeti. Baada ya hapo hakutaka tena kusikia habari za mtu yeyote mwenye kuvaa mavazi ya jeshi, wa upande wowote. Ndipo mdogo wangu akapendana na mwanajeshi wa Kasai aliyetumwa kufanya kazi Beni. Siku kijana huyo alipokuja kujitambulisha, papa alifunga mlango wa atelie yake ya useremala na kuendelea kupiga randa mpaka wageni wakaondoka. Walioana bila baraka yake, na mdogo wangu akamfuata mumewe Kananga, huko Kasai.

Mimi nilibaki na papa. Nafundisha shule ya msingi na sikuolewa. Ugonjwa wa kifua ulipomshika, sauti yake ilipungua ikawa kama ya mtu anayesali peke yake. Jumapili moja baada ya misa aliniambia, bila kuniangalia, nimpigie mdogo wangu.

Tulipiga kwa mtandao, kama wanavyofanya watu wote wenye jamaa mbali. Katika chumba cha pili watoto wa kaka yetu, wanaoishi nasi, walikuwa wanaangalia filamu kwa mtandao huohuo. Papa alishika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikasikia kila kitu.

“Nilikosa, mutoto yangu,” alisema. “Unisamehe.”

Kisha sauti ya mdogo wangu ikaja kwa kuchelewa, imekatikakatika, ikaanguka juu ya sauti ya papa: “Papa? Uko? Hapana nasikia kitu.” Halafu simu ikakatika kabisa.

Papa aliiweka mezani. Alisema mtoto amekataa kumjibu. Nilimweleza kwamba ni mtandao. Akanijibu kwamba mwenye kutaka kusikia anasikia.

Juma lile nilinunua ruta mpya, kile kisanduku cha kugawa mtandao nyumbani, katika duka moja la hapa Butembo. Muuzaji alinisifia ile yenye antena nne. Filamu za watoto zilianza kwenda mbio, lakini sauti ya mdogo wangu iliendelea kukatika. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa fundi mmoja wa Beni anayefunga simu za mtandao katika ofisi, na Jumamosi nikapanda pikipiki.

Fundi yule hakunionyesha kitu mara moja. Aliniuliza kwanza juu ya nyumba yetu: imeezekwa kwa nini, ruta inakaa chumba gani, nani wengine wanaitumia, umeme unakatika mara ngapi. Nilipomwambia juu ya papa, aliweka bisibisi yake mezani.

“Mwalimu, hapana angalia wingi ya antene,” alisema. “Filamu inaweza kungojea. Sauti hapana ngojea. Tafuta ruta yenye inaachia sauti ipite wa kwanza.”

Alinipa kisanduku kidogo cheusi kisichovutia macho. Akakipanga palepale ili mtu akipiga simu, mambo mengine yote yakae nyuma. Akaongeza betri ya kukiwasha umeme unapokwisha, na antena moja ya kufungwa nje, kwa sababu mabati yanazuia mawimbi.

Jumapili iliyofuata papa alimsikia mdogo wangu akivuta pumzi. Aliweza hata kumsikia mjukuu wake, ambaye hakuwahi kumwona, akikohoa katika chumba kingine huko Kananga. Tangu siku hiyo walizungumza kila Jumapili. Waliongea juu ya maharage, mvua, meno ya mtoto. Siku moja papa aliuliza kama mkwe wake ni mzima. Juu ya lile neno la msamaha hakusema kitu.

Nilimwomba alirudie. Alitikisa kichwa.

“Nilishalisema,” alisema. “Ilinikamata miaka tisa kulipata. Hapana nguvu ya kulisema tena.”

Basi nilimwambia mdogo wangu mwenyewe yale niliyosikia siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sauti ilikuwa safi kiasi kwamba nilijua analia kabla hajasema.

“Yaya, dada yangu,” alisema, “ile ni mudomo yako. Si mudomo yake.”

Papa alikufa majira ya mvua, siku ya Alhamisi, asubuhi. Mdogo wangu hakuweza kufika. Njia zilikuwa zimefungwa na vita. Niliweka simu juu ya kiti kando ya jeneza, naye akasali rozari pamoja na wamama wa mtaa, akijibu kila Salamu Maria kwa wakati wake, kama mtu aliyekaa katikati yetu. Walipomaliza, aliniomba nitoe watu wote chumbani na kuacha simu pale karibu na papa.

Niliwaambia wamama. Walisimama mmoja mmoja, hakuna aliyeuliza sababu. Nilitazama taa za ruta, nikaona zinawaka, nikafunga mlango. Tulisimama barazani, tukingoja, mvua ikianza kupiga mabati. Kupitia mlango nilisikia sauti yake, si maneno. Aliongea kwa muda mrefu, akinyamaza hapa na pale, kisha akaendelea.

Niliporudi ndani alikuwa amekwisha kukata simu. Sijamuuliza alisema nini.