Kamba Mpya ya Akonaay

Marieta wa Nambis si mama wa kuchezewa. Alizika mume, akasomesha watoto kwa viazi na maziwa, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mzee wa kanisa katika usharika wao, na popote alipofika alikuwa na la kusema. Lakini Jumapili ile, jamani, Marieta alikosa neno.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kanisa lao la mawe. Marieta na wenzake walitaka libomolewe lijengwe kubwa zaidi, maana vijana walikuwa wanasali nje wamesimama kwenye upepo. Mzee Akonaay na watu wake wakasema mawe yale yalibebwa mgongoni na mama zao, hayaguswi. Ikafika mahali upande mmoja ukianzisha wimbo, mwingine unafunga midomo. Marieta na Akonaay, ambao zamani walisubiriana njiani kwenda ibadani, wakawa hawaivi kabisa. Shikamoo, marahaba, basi, kila mtu na njia yake.

Mchungaji Meshack, aliyekuja kwao kutoka Mbeya, alihangaika kuwapatanisha mpaka akakonda. Ni mtu mwema yule, hilo halina ubishi. Jumapili hiyo akasimama, uso unang'aa, akasema amepata njia.

"Tuanze upya, asiwepo anayemdai mwenzake," akasema. "Nasikia mmewekeana ng'ombe. Wiki hii kila mmoja amrudishie mwenzake ng'ombe wake."

Alitegemea amina. Haikuja. Watu walitazamana vinywa wazi, na mama mmoja akajifunika uso kwa khanga. Maana huku mtu akikuwekea ng'ombe, unamchunga, unakunywa maziwa yake, na undugu wenu unakaa pale pale zizini. Siku ng'ombe akirudishwa, mmeachana; hata msibani hamtaitana. Mchungaji wa watu alikuwa ametangaza talaka ya usharika mzima, tena anatabasamu! Na nani angemkatiza mtumishi wa Mungu madhabahuni? Wakaimba wimbo wa kufunga, wakatoka kama watu waliomwagiwa maji ya baridi.

Marieta alipitiliza hadi nyumbani. Zizini kwake alikuwepo ng'ombe mwekundu wa Akonaay, mjukuu wa yule aliyewekwa enzi za marehemu mumewe. Maziwa ya uzao ule ndiyo yaliyomlea binti yake Helena na wadogo zake. Na alijua macho yote yako kwao wawili: Akonaay akimchukua wake, kila mtu atamchukua wake, na hapo hakuna kanisa tena, liwe la mawe au la tofali.

Jumanne asubuhi, akitoka kukamua, akamwona. Akonaay alikuwa anapanda kilima taratibu, fimbo mkono mmoja, kamba mkono wa pili.

Ndoo ikamponyoka Marieta, maziwa yote chini. Kumbe kweli anaweza, akawaza, kumbe miaka yote ile si kitu kwake! Alitaka kumpasha, yeye asiyeishiwa maneno. Lakini hata shikamoo ilimshinda.

Akonaay alimpita, akaingia zizini. Akaifungua kamba shingoni mwa yule mwekundu na kuitupa kando. Kisha akamvisha ile aliyokuja nayo, akaifunga kwenye nguzo ileile, akaivuta kuona kama imekaza.

"Ile yako imechakaa, Mama Helena," akasema. "Ingekatika, akapotea."

Marieta aliduwaa, machozi yanamtiririka. Akauliza, na neno la mchungaji je?

Akonaay akasema mchungaji ni mgeni, hakujua alichokisema. Wangemwendea wote wawili, wamweleze taratibu, asiaibike. Halafu akakunja uso.

"Lakini kanisa sitaki libomolewe."

"Na mimi nataka libomolewe," Marieta akamjibu, akijifuta kwa khanga.

"Basi tutabishana. Nipe maziwa kwanza."

"Yamemwagika yote, shemeji."

Akonaay akaitazama ndoo, akaitazama ile njia ambako majirani walikuwa wamesimama wakichungulia, akavuta kigoda mlangoni pa zizi na kukaa.

"Nitasubiri ya jioni," akasema.