Vile Saba vya Kahawia

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ya kutwa ni kupima na kuhesabu: kifua, kiuno, urefu wa mkono, mita ngapi za kitenge zitamtosha mama mwenye mwili. Ndiyo maana mpaka leo naona haya nikikumbuka kwamba mtu kama mimi alishindwa kuhesabu mpaka saba, tena si mara moja, miezi minne mfululizo.

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa kwa kupasuliwa, kama wa pili. Kabla sijatoka hospitali daktari alikuja kitandani akavuta kiti, na alipovuta kiti nikajua habari si nzuri. Alisema kovu la kizazi changu limekuwa jembamba. Nikipata mimba haraka, linaweza kuchanika, na likichanika tunaweza kwenda wote wawili, mimi na mtoto.

"Mama, miaka mbili kwanza, bila muchezo," alisema. "Kisha, kama munataka mwengine, mukuje tuongee."

Bwana yangu alikuwa amesimama pale pale. Alisikia yote, akakubali siku ileile, sina cha kumlaumu. Shida ilikuwa mama yake.

Mama mkwe alitoka milima ya Masisi akikimbia vita, akakaa kambini Mugunga miezi mingi, ndipo tukamleta mjini kwetu, mtaa wa Mabanga. Alikuwa na watoto wawili, akabaki na mmoja, bwana yangu. Binti yake alikufa, na yeye alituambia kila mara kwamba ni vita ilimchukua, hatukuuliza zaidi. Jioni yeye ndiye aliyeombea chakula. Maombi yake marefu jamani, sombe yetu ya majani ya muhogo inapoa mpaka mafuta yanaganda. Na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Na nyumba hii, Baba, uiongeze." Wote tulijua iongezwe nini. Nilisema amina kama wenzangu, nikaosha sahani, kisha nikaenda kumeza kwa siri kidonge changu cha kuzuia mimba.

Plaketi ya vidonge niliificha kwenye mkebe wa vifungo, maana hakuna anayechokora humo. Mwanzoni, mtoto akiwa bado mdogo, muganga wa kituo cha afya, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinipa aina ya mama anayenyonyesha. Mtoto alipopita miezi sita na kuanza uji, akanibadilishia. Lakini kwanza alinipima tansio, presha ya damu, akaniuliza kama naumwa kichwa mpaka macho yanaona vimulimuli, kama miguu inavimba, kama navuta sigara. Nilimwambia mimi navuta moshi wa pasi ya makaa tu. Hakucheka.

Plaketi mpya ilikuwa na vidonge ishirini na nane. Ishirini na kimoja vyeupe, saba vya kahawia. Alinionyesha kwa kalamu: vyeupe ndivyo vinavyozuia mimba, vya kahawia ni madini ya chuma tu, vya kuongeza damu. Kimoja kila siku, saa ileile. Ukisahau kimoja, kunywa mara unapokumbuka. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudia. Kikiisha cha mwisho cha kahawia, kesho yake unafungua plaketi nyingine. Nilielewa vizuri sana. Watu wanaoelewa vizuri sana ndio sisi.

Baada ya miezi kadhaa mama mkwe alishikwa na kizunguzungu, akaanguka mlangoni kwetu juu ya mawe ya volkano na kuchubuka goti. Nilitazama ndani ya kope zake, nikaona peupe. Nikajisemea: mimi nina damu ya kutosha, na vile vya kahawia si vya mimba, muganga mwenyewe amesema. Nikavitoa vyote saba, nikavifunga kwenye karatasi, nikampa. Nisidanganye, haukuwa wema mtupu. Zile amina zilikuwa zinanikaa kooni, na nilitaka nimpe kitu.

Akapona. Labda ni vidonge, labda ni maharagi na sombe ya kwetu baada ya njaa ya kambini. Yeye alisema ni vidonge. Mwezi uliofuata alikuja mwenyewe hadi kwenye cherehani, kiganja wazi. "Mama ya batoto, damu yangu iko wapi?" Nikampa. Na mwezi mwingine. Na mwingine.

Sasa mimi, bila vile saba, nilijuaje siku ya kuanza plaketi mpya? Nilingoja damu ya mwezi ije, iishe, nioge vizuri, ndipo nianze. Kwa akili yangu mwezi wa mwanamke unaisha damu ikiisha. Utaanzaje mwingine wa kwanza haujafunga? Mara nilianza siku ya tisa tangu cheupe cha mwisho, mara ya kumi. Sikuhesabu. Mwezi wa nne damu haikuja kabisa, na mimi, mpumbavu wa kwanza Mabanga nzima, nikaendelea kuingoja. Kulikuwa na harusi, nguo kumi na mbili za kitambaa kimoja, nikawa napiga pedali tu. Siku moja nikiwa nakata shingo ya blauzi, mkasi ulisimama wenyewe. Nilihesabu kwa vidole. Siku kumi na moja tangu cheupe cha mwisho. Na bwana yangu hakuwa safarini.

Niliacha nguo za watu mezani nikaenda kituoni na plaketi ile tupu kwenye mkoba. Muganga aliigeuza huku na huku.

"Na vya kahawia ulikunywa?"

"Nilimupa mama mukwe."

Aliweka plaketi mezani. Kisha akavuta kiti, kama yule daktari wa hospitali.

"Vile havizuie mimba, ni kweli," alisema. "Lakini ndivyo vinakuhesabia siku. Hata ukivitupa chooni, siku ya munane unaanza plaketi mupya. Damu ikuje ao isikuje. Ikuwe imekauka ao ingali inatoka. Damu haiko saa."

Alipima mkojo wangu. Hakukuwa na mimba inayoonekana. Lakini aliniuliza mara ya mwisho kulala na bwana yangu, nikamwambia ni wiki moja iliyopita. Akatikisa kichwa: kuna dawa ya haraka ya kuzuia mimba, lakini inatolewa ndani ya siku tano baada ya kulala pamoja, nilikuwa nimechelewa. Na kama mimba ilishika wiki ile, bado ni changa, kipimo hakiwezi kuiona. Nianze plaketi mpya leo hii, tutumie kondomu siku saba, nirudi baada ya wiki tatu. Ndipo tungejua.

Wiki tatu zile niliishi na mkono mmoja juu ya kovu. Niliogopa, sina neno lingine. Nilitazama watoto wangu wakila na kujiuliza nani atawasuka, nani atajua kwamba yule wa kati hali maharagi yenye maganda. Bwana yangu nilimwambia. Yeye akaenda kuchota maji ambayo tulikuwa tayari tunayo.

Katika wiki ya pili mama mkwe alinijia nikipiga pasi. Kulikuwa na mama mmoja wa korali, kwaya ya kanisani kwake, mwenye kizunguzungu, alisema, na alikuwa amemwekea akiba kidogo ya vile vidonge, lakini haitoshi. Je, naweza kupata vingine?

Nikaishiwa na subira. "Mama, ile haiko dawa ya korali," nilisema, na sauti yangu ilipanda kuliko ilivyofaa kwa mkwe. "Ni plaketi ya kuzuia mimba. Yangu. Daktari alisema kizazi kitachanika. Nimekugawia siku zangu na sasa sijui kama niko na mimba ao sina."

Nilingoja anitukane. Nilingoja amwite mwanawe. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akanyoosha magotini kikwembe alichojifunga, akakinyoosha tena, mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikainua pasi.

"Dada ya bwana yako," alisema mwishowe, "haikuwa vita."

Akaniambia. Binti yake alikuwa na mimba ya tano, wa nne angali mgongoni. Uchungu ulimshika asubuhi, wanaume wakambeba kwa kipoyi, ile machela ya miti, kuteremka kwenda hospitali. Waliteremka naye akiwa analia, na kabla ya kufika barabara alikuwa amenyamaza. Ni yeye, mama yake, aliyekuwa akimwambia aongeze. Baadaye watu wote walikuwa wanasema ni vita, kila msiba ukawa wa vita, naye akasema hivyo.

Alifungua fundo la pembe ya kikwembe. Vilikuwamo vidonge vitatu vya kahawia, vimeshika nyuzi. Akaviweka mezani kwangu, karibu na chaki.

"Mwana wanjye," alisema kwa Kinyarwanda, mwanangu, neno ambalo hakuwahi kuniita. "Sikujua nilikuwa nakula siku zako."

Vile vitatu sikuvinywa, vilikuwa vichafu. Viko hadi leo kwenye mkebe wa vifungo.

Siku ya kurudi kituoni alivaa viatu vyake vya kanisani akaja nami bila kuulizwa. Muganga alipima, akangoja, akatuonyesha kile kijiti chenye mstari mmoja. Hakuna mimba. Mama mkwe aliomba kukishika mwenyewe, akakiinua dirishani kwenye mwanga, akakirudisha.

Jioni aliombea chakula. Aliombea Masisi, walioko kambini Kanyaruchinya, wagonjwa wote wa korali kwa majina, sombe ikapoa. Akafika pale pake. "Na nyumba hii, Baba," alisema, akanyamaza, mpaka bwana yangu akafungua jicho moja. "Na nyumba hii. Wenye tuko nao, utuachie."

Niliitikia amina kwa sauti.

Jioni ile vyeupe vilikuwa vimeisha. Nilipomaliza sahani mama mkwe alikuwa amesimama karibu na cherehani, mkebe wa vifungo mkononi na kikombe cha maji. Nikabonyeza kile cha kwanza cha kahawia.

"Kunywa nione," alisema.