Panya Mwenye Damu ya Binti Yangu

Miaka ya sabini nilikuwa mpima damu katika hospitali moja ndogo upande wa Kahama, na nilijiona msomi kwelikweli. Kazi yetu kubwa ilikuwa malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o wa porini. Damu ya mgonjwa isipoonyesha kitu kwenye hadubini, tulimdunga nayo panya mweupe, tukasubiri. Panya akiugua, mgonjwa anaanza dawa.

Aliyewalisha panya hao alikuwa mama mmoja mzee wa Kisukuma. Kila asubuhi aliwaamkia, sanduku hadi sanduku. Aliyekufa alimzika nyuma ya stoo na kumnyunyizia unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, kama wanavyowatambikia wazee kwao. Kanuni ilitaka wachomwe moto tanuruni. Mimi nilimcheka, nikimwita padri wa panya.

Halafu binti yangu wa miaka sita akaanza kusinzia na ugali mdomoni. Hadubini haikuonyesha kitu. Nikamdunga panya damu yake kwa mkono wangu.

Siku tisa nilikwenda kumtazama panya yule kabla hata ya chai, nikiomba kimoyomoyo augue. Naona haya kuandika hivi, maana alikuwa akila kwa raha huku akinitazama. Siku ya kumi nilimkuta amejikunja, damu imejaa vijidudu. Nikalia kwa furaha. Kisha nikamuua, kama ilivyokuwa desturi ya kazi.

"Ng'wanawane, mwanangu," mama yule akaniambia, "huyo usimchome. Ana damu ya mwanao, ni ndugu yake. Nipe nimzike."

"Mama, kanuni ni kanuni," nikasema, nikamtupa tanuruni. Mama akajifunika khanga kichwani kama aliye msibani, akaenda zake nyumbani mchana ule ule.

Binti yangu alichomwa sindano, akapona. Maabara hakuwahi kuikanyaga. Siku aliyoruhusiwa nilimbeba mgongoni, na tulipofika barabarani akaniuliza:

"Baba, mwenzangu yuko wapi?"

"Mwenzako yupi?"

"Yule mweupe. Tulikuwa tunalala naye."

Nikamwambia amepona, amekwenda kwao.

"Mbona ulikuwa unamwombea augue?"

Maombi yale sikuwa nimemwambia mtu, hata mama yake. Nilimshusha, nikapiga magoti palepale watu wakinishangaa, nikamwomba msamaha yeye, kwa kuwa mwingine wa kumwomba hakuwepo tena.